Mao, Zhou na Deng katika Historia ya Nachingwea na Ruangwa

Fikra za viongozi wa China juu ya utawala na maendeleo ya uchumi ziliingia kusini mwa Tanzania kwa njia mbili katika miaka ya 1960. Njia ya kwanza ilipitia Dar es Salaam, katika mazungumzo ya serikali mbili na katika siasa ya ujamaa na kujitegemea. Ya pili ilipitia kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji iliyowekwa Nachingwea mwaka 1965, ambako wakufunzi wa Kichina walifundisha vita na siasa kwa pamoja. Wilaya ya Nachingwea ya wakati huo ilijumuisha eneo ambalo tangu mwaka 1995 limekuwa Wilaya ya Ruangwa, hivyo kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho historia ya wilaya hizi mbili ni moja.

Eneo la wilaya hizo liko kati ya bonde la Mbwemkuru upande wa kaskazini na bonde la Lukuledi upande wa kusini. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, nao wanaishi pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Walishiriki vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na wakaonja njaa iliyofuata. Kilimo chao cha asili kilikuwa cha mtama na mihogo, kisha ikaongezeka mikorosho, na baadaye ufuta ukawa zao la fedha. Utawala wa kikoloni haukuwajali sana hadi mwaka 1947, ulipowaletea mradi mkubwa kuliko yote iliyowahi kujaribiwa na Waingereza katika Tanganyika.

Mradi wa karanga lazima utangulie katika habari hii, kwa sababu ndio uliowafundisha wenyeji maana ya maendeleo yanayoamuliwa mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki chache mwaka 1946, ukaona sehemu kubwa ya ardhi kutoka angani, kisha ukaandika mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini. Sehemu kubwa zaidi ya mashamba hayo ilikusudiwa kuwa kusini, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa kitovu chake. Mji ulipimwa porini, ukajengewa uwanja wa ndege na hospitali. Bandari ya kina kirefu ilianza kujengwa Mtwara na reli ikavutwa kutoka pwani hadi Nachingwea.

Mashine hazikuwatii wenye mpango. Matrekta mengi yalikuwa yamechakaa vitani, na baadhi yalikuwa vifaru vilivyogeuzwa kuwa vyombo vya kung'olea visiki. Misitu ya kusini ilikuwa minene kuliko ilivyodhaniwa, vipuri vilichelewa, mvua haikufuata makadirio. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mradi ikiwa imepoteza takribani pauni milioni 36. Karibu na Nachingwea yalibaki mashamba yenye namba, nyumba za maofisa, maghala na barabara zilizonyooka. Reli ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa kwa kukosa mizigo, na vyuma vyake vikang'olewa. Mkulima wa Nachingwea hakuulizwa chochote mradi ulipoanza, wala ulipofutwa.

Wakati Waingereza wakipima mashamba hayo, China ilikuwa katika mwisho wa vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, na Mao Zedong alikuwa ameshajenga karibu fikra zote ambazo baadaye zingefika Nachingwea. Msingi wake wa kwanza ulikuwa uchunguzi. Tangu mwaka 1930 Mao alisisitiza kwamba kiongozi asiyechunguza hali ya mahali hana haki ya kutoa uamuzi juu yake. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa na wakulima wa Hunan na Jiangxi, akiuliza bei ya chumvi, ukubwa wa mashamba na deni la kila tabaka. Msingi wa pili aliueleza mwaka 1938 alipoandika juu ya vita vya muda mrefu: jeshi dhaifu linaweza kulishinda jeshi lenye nguvu likiishi ndani ya wananchi na kukubali kwamba ushindi utachukua miaka mingi.

Msingi wa tatu ulikuwa wa uchumi. Majeshi ya Wajapani na ya serikali ya Chiang Kai-shek yalipoizingira Yan'an, makao ya Chama cha Kikomunisti, chama hicho kiliagiza askari walime chakula chao wenyewe. Kuanzia mwaka 1941 Brigedi ya 359 ilifyeka bonde la Nanniwan na kuligeuza kuwa mashamba. Lengo lilikuwa kupunguza kodi kwa wakulima na kumzuia askari asiwe mzigo kwa watu anaodai kuwapigania. Msingi wa nne, uliowekwa wazi mwaka 1943, ulihusu uongozi: viongozi wayakusanye mawazo ya watu yaliyotawanyika, wayapange, kisha wayarudishe kwa watu yakiwa sera na kuyapima katika utekelezaji. Kwa nadharia, utawala wa aina hiyo ulimlazimisha ofisa kuishi karibu na anaowaongoza na kukosolewa nao.

Fikra hizo zilivuka bahari kwa sura ya kidiplomasia. Januari 1964, akiwa Accra, Waziri Mkuu Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya China. Misaada itolewe bila masharti, mikopo iwe bila riba au yenye riba ndogo, miradi iwe ya gharama ndogo na matokeo ya haraka, na shabaha iwe kuisaidia nchi ijitegemee. Kanuni ya mwisho ilisema kwamba wataalamu wa China wataishi kwa kiwango kile kile cha wataalamu wa nchi wanayoisaidia. Aliyeziona nyumba za maofisa wa mradi wa karanga na kambi za vibarua wao aliielewa kanuni hiyo bila kuhitaji maelezo.

Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alikwenda China Februari 1965, na mkataba wa urafiki ukatiwa saini. Zhou alikuja Tanzania Juni mwaka huo. Kilichomvutia Nyerere zaidi huko China kilikuwa ubanaji wa matumizi: viongozi wa taifa kubwa waliovaa nguo za kawaida na wafanyakazi walioendesha baiskeli. Suti isiyo na tai, iliyoitwa kwa jina la Chou En Lai, ikawa vazi la viongozi wa chama tawala cha TANU. Katika miaka iliyofuata kilijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki jijini Dar es Salaam, na mwaka 1967 ukafuata mkataba wa reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860. Kusini hakukujengwa kiwanda wala reli ya Wachina. Mchango wao huko ulikuwa mafunzo, na mafunzo hayo yaliacha alama ndefu kuliko majengo mengi.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, na vita dhidi ya Wareno vikaanza tarehe 25 Septemba 1964. Kambi yake ya kwanza kubwa ya kijeshi ilikuwa Kongwa, nayo pia ilikuwa katika ardhi ya mradi wa karanga. Mwaka 1965 serikali ya Tanzania iliwapa eneo jingine Nachingwea, katika shamba lililojulikana kwa namba yake, Farm 17. Mahali hapo palifaa kwa sababu nyingi. Mto Ruvuma ulikuwa takribani kilomita 100 upande wa kusini, mbali kiasi cha kuwakinga na mashambulizi ya ghafla na karibu kiasi cha kupeleka watu na silaha katika majimbo ya Cabo Delgado na Niassa ya Msumbiji. Barabara, majengo na uwanja wa ndege vilikuwapo tayari, na ardhi iliyofyekwa kwa gharama ya walipa kodi wa Uingereza ilisubiri mkulima. Hakuna sehemu ya mradi wa karanga iliyotumika vizuri kuliko hii.

Silaha nyingi zilitoka China na Umoja wa Kisovieti kupitia Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao Dar es Salaam. Baadhi ya makamanda walisomea China, wengine Algeria, na Samora Machel, kiongozi wa baadaye wa FRELIMO, alikuwa miongoni mwa waliopitia Algeria. Wakufunzi wa Kichina waliletwa Nachingwea kufundisha vita vya msituni, utegaji wa mabomu ya ardhini na kazi ya siasa miongoni mwa wanakijiji. FRELIMO ilijihadhari isiingie katika ugomvi wa Beijing na Moscow, ikapokea msaada wa pande zote mbili. Hata hivyo, katika namna ya kupigana na ya kuongoza raia wa maeneo yaliyokombolewa, alama ya Yan'an ilionekana wazi kuliko ya Moscow. Wareno walikuwa na ndege na barabara. FRELIMO ilikuwa na wanakijiji, nao ndio waliobeba mizigo, waliolisha askari na waliotoa habari.

Maisha ya kambini yalipangwa kwa kusoma, kuzalisha na kupigana, mambo matatu yaliyokuwa wito wa FRELIMO. Askari walilima mashamba yao, wakafuga, na wasiojua kusoma wakafundishwa. Watu wa makabila mbalimbali, kutoka Ruvuma hadi Maputo ya leo, walichanganywa katika vikosi kwa makusudi ili asiwepo mtu wa kupigania wilaya yake tu. Mwaka 1967 wasichana walianza kupewa mafunzo ya kijeshi, na kikosi chao kikawa shule ya uongozi ya Josina Machel na wenzake. Kamanda alitakiwa kushika jembe kama askari wa kawaida, na vikao vya kukosoana na kujikosoa vilikuwa sehemu ya ratiba.

Mgogoro wa mwaka 1968 ulionyesha kwamba uchumi haukuwa jambo la pembeni. Katika Cabo Delgado biashara ya maeneo yaliyokombolewa ilikuwa mikononi mwa kundi la Lazaro Nkavandame. Wakulima walilalamika kwamba mazao yao yalinunuliwa kwa bei duni na chumvi na nguo kuuzwa ghali, kama walivyofanyiwa na wafanyabiashara wa enzi ya Wareno. Machel na wenzake walitaka biashara hiyo iwe mali ya umma, isimamiwe na wananchi wenyewe. Mkutano Mkuu wa pili, uliofanyika Niassa Julai 1968, uliupa upande wao nguvu. Mondlane aliuawa kwa bomu Februari 1969, Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno mwaka huo huo, na Mei 1970 Machel akawa rais wa FRELIMO. Swali la nani anufaike na jasho la mkulima lilikuwa limeamua nani aongoze vita. Mwaka uliofuata Machel alikwenda China kuomba msaada zaidi.

Nachingwea ilikuwa na upande mwingine, na heshima inayostahili kupewa kambi hiyo haiondoi wajibu wa kuueleza. Kujikosoa hadharani, kulikoanza kama njia ya kumrekebisha ofisa, kuligeuka kuwa chombo cha kumwangamiza mpinzani. Mwaka 1975, uhuru ukiwa umekaribia, viongozi waliotofautiana na FRELIMO, akiwemo Uria Simango aliyekuwa makamu wa rais wake, Nkavandame na Joana Simeão, waliwekwa mbele ya umati kambini hapo wakalazimishwa kusoma maungamo. Baadaye waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Katika China yenyewe vikao vya namna hiyo viliwaumiza watu wengi wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966. Mei 1975 Machel aliondoka Nachingwea kuanza safari ya kuivuka Msumbiji yote kutoka Ruvuma hadi Maputo, na tarehe 25 Juni nchi yake ikawa huru.

Nje ya uzio wa kambi, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa walikuwa wakiishi jaribio jingine. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 liliweka ujamaa na kujitegemea kuwa siasa ya taifa. Ujamaa wa Nyerere haukuwa nakala ya Mao: yeye aliujenga juu ya familia ya Kiafrika na hakukubali vita vya matabaka. Lakini msisitizo wa kijiji, jembe, kazi za mikono na uongozi usiojilimbikizia mali ulifanana sana na mambo aliyoyaona China. Mkoa wa Mtwara, uliokuwa na Lindi ndani yake hadi mwaka 1971, uliongoza nchi kwa wingi wa vijiji vya ujamaa. Sababu moja ilikuwa ulinzi, kwa kuwa Wareno walivuka na kushambulia vijiji vya mpakani, na watu waliokaa pamoja walikuwa rahisi kulindwa na mgambo.

Hapa ndipo fikra ya uchunguzi ilipoachwa. Katika mkoa jirani wa Ruvuma, wakulima wa Litowa na vijiji vingine walikuwa wamejiunga kwa hiari katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakapanga kazi na shule zao wenyewe. TANU ilikivunja chama hicho Septemba 1969. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu vijijini awe anaishi katika kijiji. Operesheni zilizofuata zilisukuma watu kando ya barabara, mara nyingi kwa nguvu, na baadhi ya nyumba za zamani zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa na mamlaka ya mazao yakashika ununuzi.

Kwa nchi ya mikorosho madhara yalikuwa makubwa. Mkorosho hauhami. Mkulima aliyehamishwa maili kadhaa aliacha miti iliyochukua miaka mingi kukua, magugu yakaifunika na moto ukaiteketeza. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga na bei mbaya vilichangia anguko hilo, lakini vilikuta mashamba yaliyokwisha kutelekezwa. China yenyewe ilikuwa imepita huko kwa gharama ya kutisha zaidi. Mwaka 1958 Mao aliwaingiza wakulima katika komyuni kubwa za kampeni ya Hatua Kuu Mbele, maofisa wakatuma takwimu za uongo, na njaa ya 1959 hadi 1961 ikaua mamilioni ya watu. Mao aliyeuliza bei ya chumvi huko Jiangxi hakuwa tena anaambiwa ukweli na maofisa wake, na vijiji vya kusini mwa Tanzania viliamuliwa na maofisa waliokuwa na hofu hiyo hiyo ya kusema ukweli.

Marekebisho ya China yalianzia shambani. Mwishoni mwa mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, waligawana kwa siri mashamba ya pamoja ili kila kaya ilime sehemu yake. Deng Xiaoping, aliyekuwa akishika hatamu za nchi, aliuacha utaratibu huo uenee, na komyuni zikafa. Kwa Deng, ujamaa usioondoa umaskini haukuwa na maana, na sera ilipaswa kupimwa kwa matokeo yake. Agosti 1985, Nyerere akiwa katika miezi yake ya mwisho ya urais, walikutana Beijing na Deng akamweleza mageuzi hayo. Novemba mwaka huo Ali Hassan Mwinyi alishika urais, na mwaka 1986 Tanzania ikaanza kulegeza soko lake kwa mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Msimamo wa Nyerere dhidi ya masharti ya shirika hilo haukubadilika.

Mazungumzo yenye uzito zaidi kwa historia ya Nachingwea yalifanyika Mei 1988. Joaquim Chissano, aliyekuwa mwakilishi wa FRELIMO Dar es Salaam wakati wa vita na rais wa Msumbiji baada ya kifo cha Machel mwaka 1986, alikwenda Beijing. Nchi yake ilikuwa imetangaza siasa ya Marx na Lenin mwaka 1977, ikajenga vijiji vya pamoja, na sasa ilikuwa imezama katika vita na njaa. Deng alimshauri asiharakishe ujamaa. Kama Msumbiji itautaka, alisema, iujenge kwa kufuata hali yake yenyewe na isiige nchi nyingine, China ikiwamo. Mwaka uliofuata FRELIMO iliiacha rasmi siasa ya Marx na Lenin. Ushauri wa Deng ulirudi kwenye kanuni ya uchunguzi ya mwaka 1930, ambayo makada wa Nachingwea walikuwa wamefundishwa miongo miwili kabla na kuisahau walipopata dola.

Leo korosho za wilaya hizi zinauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na Nachingwea, Ruangwa na Liwale zimeungana katika chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Mikorosho imefufuliwa: msimu wa 2017/18 taifa lilivuna zaidi ya tani 300,000. Chini ya ardhi ya Ruangwa yamegunduliwa madini ya kinywe yanayotumika katika betri za magari ya umeme, na China ndiyo inayoongoza duniani katika kuyasafisha. Kibaha, mkoani Pwani, ilifunguliwa Februari 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi, vikiwemo CCM na FRELIMO.

Farm 17 sasa ina shule ya sekondari. Wengi waliowauzia mihogo askari wa FRELIMO, waliofanya kazi na Wachina, au waliohamishwa kutoka kwenye mikorosho yao wakati wa operesheni wamekwisha kufariki, na waliobaki ni wazee sana. Maelezo yao ni ya lazima kwa yeyote atakayeandika historia ya siasa ya kujitegemea, na yanapaswa kukusanywa na kuhifadhiwa Nachingwea na Ruangwa kwenyewe wakati wenyewe bado wako hai.